Mtakatifu Yeronimo, Mwanafunzi wa Zaburi

Watoto wapenzi, siku ya Dominika, baada ya somo la kwanza la Misa, mwimbaji anasimama mbele na kuimba Zaburi. Anaimba mistari michache, kisha watu wote wanaitikia. Anaimba tena, wanaitikia tena. Hata mtoto mdogo asiyejua kusoma anaweza kuitikia pamoja na wakubwa.

Hapa Mutarule tunaimba Zaburi kwa Kiswahili. Lakini waliozitunga hawakujua Kiswahili. Walikuwa Wayahudi wa zamani sana, na lugha yao ilikuwa Kiebrania. Ili nyimbo hizo zitufikie ilikuwa lazima watu wajifunze lugha ngumu, wakeshe usiku, na pengine watukanwe kwa kazi yao. Leo tutasoma habari za mmoja wao. Jina lake ni Yeronimo.

Kwanza tujue vitabu vyenyewe. Katika Agano la Kale mna vitabu 7 vya mashairi na hekima. Navyo ni Ayubu, Zaburi, Mithali, Mhubiri, Wimbo Ulio Bora, Hekima, na Yoshua bin Sira. Zaburi ni nyimbo 150 za kusifu, za kushukuru, za kulia na za kuomba msamaha. Nyingi zina jina la mfalme Daudi. Mithali ni maneno mafupi ya kufundisha vijana, kama yale ambayo wazee wetu husema jioni karibu na moto. Ayubu ni habari ya mtu mwema aliyepatwa na mateso makubwa, naye akamwuliza Mungu sababu.

Mashairi ya Kiebrania si kama mashairi ya Waswahili wa pwani, ambayo vina vyake hulingana mwishoni mwa mstari. Mshairi wa Kiebrania husema jambo, kisha hulirudia kwa maneno mengine, au husema kinyume chake. Mstari wa kwanza na wa pili ni kama wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja: mmoja akiinua mchi wake, mwenziwe anashusha wa kwake. Ukielewa jambo hilo, utazisikia Zaburi vizuri zaidi.

Yeronimo alizaliwa karibu mwaka 347 katika mji mdogo wa Stridon, katika nchi ya Dalmatia, upande wa mashariki wa Italia. Wazazi wake walikuwa Wakristo wenye mali. Walipoona kwamba mtoto wao ana akili, walimpeleka Roma kusoma. Huko alifundishwa na Donato, mwalimu mashuhuri wa lugha ya Kilatini. Yeronimo alipenda vitabu kuliko vitu vingine vyote. Alivinunua, na vingine alivinakili kwa mkono wake mwenyewe, kwa maana siku zile hapakuwa na mashine ya kuchapa. Akiwa Roma alibatizwa. Siku za Dominika alikuwa akishuka na rafiki zake chini ya ardhi, katika giza, kuyatembelea makaburi ya mashahidi.

Karibu mwaka 374 alisafiri mpaka Antiokia, katika nchi ya Siria. Alitaka kumtumikia Mungu kama mtawa. Lakini alivichukua vitabu vyake vya Kilatini, hasa vile vya Cicero, bingwa wa maneno matamu. Alikuwa akifunga chakula, kisha anakaa kumsoma Cicero. Alipofungua vitabu vya manabii, aliviona vina maneno mazito yasiyo na utamu. Hakujua bado kwamba kasoro ilikuwa katika macho yake mwenyewe.

Basi, katikati ya Kwaresima, alishikwa na homa kali. Watu walidhani atakufa. Katika homa hiyo aliota ndoto. Alijiona amesimamishwa mbele ya Hakimu wa mbinguni, akaulizwa yeye ni nani. Akajibu kwamba ni Mkristo. Hakimu akakataa, akamwambia kwamba yeye ni mtu wa Cicero, kwa kuwa moyo wake uko katika vitabu vya Cicero. Akapigwa viboko. Alipoamka alilia sana. Tangu siku ile aliazimu kusoma Maandiko Matakatifu kwa bidii kubwa kuliko ile aliyowapa waandishi wa Roma.

Alipopona alikwenda katika jangwa la Kalkis, upande wa mashariki wa Antiokia. Huko jua lilimchoma, na mawazo ya starehe za Roma yalimsumbua. Akaona kwamba akili isiyo na kazi huzurura. Akaipa kazi ngumu. Katika jangwa palikuwa na mtawa mmoja aliyezaliwa Myahudi. Yeronimo alimwendea, akamwomba amfundishe Kiebrania.

Watoto, mnajua taabu ya lugha mpya. Nyumbani mwenu mmezoea lugha ya mama, shuleni mnakuta nyingine, na baadaye mnaanza Kifaransa. Yeronimo alikuwa mtu mzima karibu wa miaka 30, msomi aliyesifiwa kwa ufasaha wake. Sasa akakaa chini kama mtoto wa darasa la kwanza kujifunza herufi 22, zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Sauti nyingine zinatoka kooni, naye alizitamka vibaya. Mara nyingi alikata tamaa akaacha. Mara nyingi akaanza tena. Baadaye alisema kwamba mbegu ya masomo hayo ilikuwa chungu, lakini matunda yake aliyaona matamu.

Mwaka 382 Yeronimo, aliyekwisha kuwa padri, alirudi Roma. Papa Damaso akamfanya mwandishi wake. Siku zile Wakristo wa Roma walisoma Maandiko kwa Kilatini, lakini nakala zao hazikupatana. Mwandishi mmoja alikuwa amekosea, mwingine amesahihisha asipoelewa, mwingine amesinzia akaruka mstari. Papa Damaso alimpa Yeronimo kazi ya kusahihisha Injili. Yeronimo alizisahihisha, akazisahihisha na Zaburi pia, ingawa kwa haraka.

Huko Roma palikuwa na mama mmoja wa ukoo mkubwa, jina lake Paula. Alikuwa mjane mwenye watoto 5. Yeye na binti yake Eustokia walitaka kuimba Zaburi kwa lugha ya Daudi mwenyewe. Wakajifunza Kiebrania, na Paula akakisema vizuri hata Yeronimo akastaajabu. Mwalimu mwema hufurahi mwanafunzi wake akifanya vizuri kuliko yeye.

Papa Damaso alikufa mwaka 384. Yeronimo alikuwa na adui wengi Roma, kwa sababu alikuwa amewakaripia mapadri wenye kupenda anasa, tena kwa maneno makali. Walimsingizia mambo mabaya, naye akaondoka mjini mwaka 385. Paula na Eustokia nao waliondoka. Mwaka 386 wote walikaa Betlehemu, mahali alipozaliwa Bwana wetu Yesu Kristo. Paula alitumia mali yake kujenga nyumba za watawa na nyumba ya kuwapokea wasafiri.

Paula na Eustokia walimwandikia rafiki yao wa Roma kumweleza maisha ya huko. Walisema kwamba mkulima mwenye jembe lake aliimba aleluya, mvunaji mwenye jasho alijifariji kwa Zaburi, na mkata matawi ya mizabibu aliimba nyimbo za Daudi. Nanyi mmewasikia mama zenu wakiimba wakilima katika bonde la Ruzizi. Ndivyo ilivyokuwa huko.

Huko Betlehemu Yeronimo aliona jambo la kumsumbua. Zaburi na Mithali zilizosomwa kwa Kilatini hazikutoka moja kwa moja katika Kiebrania. Kwanza zilikuwa zimegeuzwa kwa Kigiriki, kisha kutoka Kigiriki kwa Kilatini. Ninyi mnajua vijito vinavyoshuka kutoka milimani kuja bondeni kwetu. Juu maji ni safi. Chini, ng'ombe wamekwisha kupita na watu wamekwisha kufua, na maji yamebadilika. Mwenye kiu ya maji safi apande mlima. Yeronimo aliazimu kupanda mpaka kwenye chemchemi, yaani Kiebrania chenyewe.

Alijua kwamba bado hajui vya kutosha. Akamtafuta Myahudi mmoja mwenye elimu, Baranina, akamlipa amfundishe. Mwalimu huyo aliogopa Wayahudi wenzake, kwa hiyo alikuja usiku, kama Nikodemu alivyokuja kwa Yesu. Wakristo wengine nao walimlaumu Yeronimo kwa kukaa na Myahudi. Yeye hakujali lawama zao. Alijua kwamba watu waliozihifadhi nyimbo hizo tangu baba zao ndio wanaoweza kumfundisha. Yule msomi wa Roma aliyewahi kudharau maneno ya manabii alikaa sasa karibu na taa, akamwuliza Myahudi maana ya neno moja, na tena moja.

Kitabu kilichomshinda kuliko vyote ni Ayubu. Alimleta mwalimu mwingine kutoka mji wa Lida, akamlipa fedha nyingi. Hata hivyo, alikiri kwamba kitabu hicho ni kama mkunga, samaki yule mrefu anayefanana na nyoka: kadiri unavyomkaza mkononi ndivyo anavyoponyoka. Ninyi mliowahi kushika kambale kwa mikono mitupu mnaelewa vizuri. Lakini Yeronimo hakuacha, akakimaliza kitabu.

Karibu mwaka 398 aliugua muda mrefu. Alipopata nafuu kidogo, aligeuza vitabu 3, Mithali, Mhubiri na Wimbo Ulio Bora, kwa siku 3 tu. Mtu asiyejua atafikiri kwamba kazi ilikuwa rahisi. Sivyo. Siku 3 hizo zilikuwa zimetayarishwa kwa miaka zaidi ya 20 ya kujifunza. Mvuvi huvuta wavu kwa muda mfupi, lakini ameushona siku nyingi.

Je, watu walimshukuru? Wengi walimkasirikia. Walikuwa wamezoea maneno ya zamani. Waliyasikia kwa mama zao, waliyaimba katika mazishi ya baba zao. Sasa mtu anakuja na kusema kwamba neno hili si hili. Katika mji wa Oea, katika nchi ya Libia ya leo, askofu alisoma kanisani kitabu cha nabii Yona kama Yeronimo alivyokigeuza. Ule mmea uliomtilia Yona kivuli, ambao watu waliujua kuwa mmumunye, Yeronimo aliuita kwa jina la mmea mwingine utambaao. Watu wakapiga kelele kanisani. Askofu akaogopa kubaki bila waumini, akarudisha neno la zamani. Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo, ndiye aliyemwandikia Yeronimo habari hiyo, akamwomba afanye kazi yake kwa uangalifu, watu wasigawanyike.

Hapa tuseme kweli. Yeronimo alikuwa mtakatifu, lakini hakuzaliwa mpole. Alipolaumiwa alijibu kwa hasira. Rufino, rafiki yake tangu ujana, aligombana naye juu ya mambo ya mafundisho, na Yeronimo akamwandikia maneno ya kuumiza. Yeye aliyeigeuza Mithali, kitabu kinachofundisha kuuzuia ulimi, alishindwa mara nyingi kuuzuia wa kwake. Tusimwige katika hilo. Lakini tumwige katika jambo jingine: hakuchoka kutubu, wala hakuchoka kujifunza.

Zaburi alizitengeneza mara 3. Mara ya kwanza Roma, kwa haraka. Mara ya pili akiwa katika Nchi Takatifu. Huko alitumia kitabu kikubwa cha Orijene, ambamo maneno ya Kiebrania na ya Kigiriki yaliandikwa katika safu 6, bega kwa bega. Mara ya tatu alizigeuza kutoka Kiebrania moja kwa moja. Kanisa lilichagua nini kwa sala? Lilichagua zile za mara ya pili, kwa maana watu hawakuweza kuachana na maneno waliyoyazoea. Yeye aliamini kwamba zile za tatu ndizo zenye kweli zaidi, lakini kwa karne nyingi watu waliimba zile nyingine.

Mwaka 404 Paula alikufa. Katika mazishi yake watu wa mataifa mengi waliimba Zaburi, wengine kwa Kigiriki, wengine kwa Kilatini, wengine kwa Kisiria. Yeronimo alihuzunika hata akashindwa kufanya kazi kwa muda.

Tena mwaka 410 ikaja habari ya kutisha. Adui waliingia Roma, wakaua na kupora. Wakimbizi walifika Betlehemu, watu waliokuwa na majumba makubwa, sasa wanaomba mkate. Yeronimo alikuwa akiandika juu ya nabii Ezekieli. Aliweka kalamu chini. Aliona kwamba wakati huo si wa kueleza maneno ya Maandiko, ila wa kuyatenda. Akawapokea wageni, akawahudumia mchana, akaandika usiku kwa taa, ingawa macho yake yalikuwa yamedhoofika.

Watoto wa Mutarule, sisi tunaujua msiba wa namna hiyo. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu 30 na zaidi waliuawa hapa kijijini, wanawake na watoto wakiwa kati yao. Wakubwa wenu hawajasahau. Basi jueni kwamba Zaburi nyingi ni za watu waliolia namna hiyo. Mwimbaji hajifanyi kuwa na furaha. Anamwambia Mungu machozi yake yote, hata anamwuliza kwa nini amekawia. Naye Ayubu alikataa kusema uwongo juu ya uchungu wake. Mungu hakumfukuza kwa kuuliza. Kwa sababu hiyo Yeronimo aliona inafaa kutoa usingizi wake na fedha yake, ili neno moja la kilio hicho lisipotee njiani. Mtu mwenye msiba anahitaji maneno ya kweli ya kumwambia Mungu.

Mwaka 416 watu wajeuri walizichoma moto nyumba za watawa za Betlehemu, na Yeronimo aliokoka kwa shida. Alikufa mwaka 420, tarehe 30 Septemba. Ndiyo siku tunayomkumbuka kila mwaka. Katika picha utamwona mzee mwenye ndevu nyeupe, kitabu mkononi, na simba miguuni pake. Husimuliwa kwamba alimtoa simba huyo mwiba. Hiyo ni hadithi tu, nayo husimuliwa pia juu ya mtawa mwingine, Gerasimo. Lakini kitabu kile ni cha kweli.

Kazi yake haikufa. Biblia ya Kilatini iliyotoka mikononi mwake, pamoja na vitabu ambavyo hakuvigeuza upya, kama Hekima na Yoshua bin Sira, iliitwa Vulgata. Mwaka 1546 Mtaguso wa Trento uliithibitisha. Mapadri Weupe walipofika kwenye ziwa Tanganyika mwaka 1879, walikuwa na vitabu vyao vya sala kwa Kilatini. Ndani yake mlikuwa na Zaburi za Yeronimo, zile za mara ya pili. Hivyo maneno aliyoyatengeneza miaka karibu 1500 kabla yalisaliwa ufukoni mwa ziwa letu. Baada ya Mtaguso wa pili wa Vatikano, uliofanyika tangu 1962 mpaka 1965, Zaburi zikaimbwa katika Misa kwa lugha za watu.

Basi, mtoto, Dominika ijayo ukisikia Zaburi, usiitikie kwa mdomo tu. Sikiliza mstari wa kwanza, kisha sikiliza jinsi wa pili unavyoujibu. Na shuleni, neno likikushinda, usione haya kuuliza. Yeronimo alikuwa mwenye elimu kuliko watu wengi wa siku zake. Lakini alipata kuyaelewa maneno ya Daudi siku alipokubali kuwa mwanafunzi tena.

Maswali

1. Taja vitabu 7 vya mashairi na hekima katika Agano la Kale.
2. Kwa nini Yeronimo alijifunza Kiebrania?
3. Baranina alikuja kufundisha wakati gani, na kwa sababu gani?
4. Kwa nini watu wa Oea walikasirika?
5. Wakimbizi wa Roma walipofika Betlehemu, Yeronimo alifanya nini?
6. Mwombe mzee wa nyumbani kwenu akuambie methali moja ya kwenu. Iandike kwa lugha yake, kisha igeuze kwa Kiswahili. Ni neno gani lililokushinda?